Kazi na Burudani katika Chombo Kimoja: Historia ya Vigezo vya Kuchagua Kompyuta Mpakato, 1972–2020

Ikisiri

Insha hii inachunguza asili ya vigezo ambavyo mnunuzi wa leo huvitumia anapochagua kompyuta mpakato itakayomfaa kwa usanifu wa michoro na kwa burudani ya nyumbani. Hoja yake kuu ni kwamba vigezo hivyo havikutokana na mahitaji ya wasanifu peke yao. Tangu miaka ya 1990, soko la burudani ndilo lililogharimia kwa sehemu kubwa viungo ambavyo msanifu anavitegemea, hasa prosesa ya michoro na kioo, na kwa kugharimia huko likaweka umbo na rangi zake ndani ya chombo cha kazi. Kwa Afrika Mashariki, ambako kaya nyingi zenye kompyuta zina moja tu, muungano huo umekuwa mlango wa kuingilia katika fani. Mabadiliko yaliyoanza mwaka 2012 yameanza kuufanya mlango huo kuwa mwembamba.

1.0 Utangulizi

Mtu anayeingia dukani Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa kutafuta kompyuta mpakato ya kusanifia kadi za harusi, mabango na fulana, ambayo jioni familia yake itaitumia kutazama filamu, hukabidhiwa orodha ya tarakimu: ukubwa wa kioo kwa inchi, idadi ya pikseli, asilimia ya rangi, aina ya prosesa ya michoro, kiasi cha kumbukumbu na saa za betri. Orodha hiyo huonekana kama maelezo ya kiufundi yasiyo na historia. Muuzaji huisoma kama anavyosoma bei, na mnunuzi huilinganisha na fedha alizo nazo mfukoni.

Insha hii inaitazama orodha hiyo kama hati ya kihistoria. Kila kipengele ndani yake kiliingizwa na watu fulani, katika soko fulani, kwa sababu fulani. Maswali yanayoongoza mjadala ni matatu. Kwanza, ni kwa namna gani kazi ya usanifu na burudani ya nyumbani, ambazo kwa muda mrefu zilikuwa na mashine tofauti, zilikutana katika chombo kimoja? Pili, ni nani aliyelipia gharama za mkutano huo, na alipata nini? Tatu, mkutano huo umekuwa na maana gani kwa msanifu wa Afrika Mashariki mwenye mtaji mdogo?

Jina la chombo chenyewe linahitaji maelezo mafupi. Istilahi ya Tanzania, kompyuta mpakato, imejengwa juu ya kitenzi kupakata, yaani kuweka mapajani kama mama anavyompakata mtoto. Nchini Kenya neno kipakatalishi limeunganisha kitenzi hicho hicho na neno tarakilishi. Istilahi zote mbili zinakitaja chombo kwa ukaribu wake na mwili wa mtumiaji, bila kutaja ofisi wala studio. Kama itakavyoonekana, ukaribu huo ndio uliokifanya chombo hicho kigombaniwe na kazi na starehe kwa wakati mmoja.

2.0 Wazo moja, njia mbili: 1972–1989

Wazo la kompyuta ndogo ya kubebwa lilikuwapo kabla ya uwezo wa kuitengeneza. Mwaka 1972, Alan Kay, mtafiti katika kituo cha Xerox PARC huko California, aliandika juu ya kifaa alichokiita Dynabook, kilichokusudiwa watoto wa umri wote. Katika maono yake, kifaa hicho kingetumika kusoma, kuchora, kutunga muziki na kucheza michezo. Kay hakutenganisha kazi na burudani, kwani kwake mtoto anayecheza na mtoto anayebuni walikuwa mtoto mmoja. Dynabook haikutengenezwa, lakini wazo lake lina thamani kwa mwanahistoria kwa sababu linaonesha kwamba utengano uliofuata ulitokana na bei na teknolojia ya wakati, na haukuwa wa lazima kifikra.

Utengano huo ulidhihirika katika muongo wa 1980. Upande wa kubebeka, Osborne 1 ya mwaka 1981 iliuzwa kwa dola 1,795, ilikuwa na uzito wa takribani kilo 11 na kioo cha inchi 5. Ilikuja na programu za kuandikia na za mahesabu, na soko lake lilikuwa watu wa biashara. GRiD Compass ya mwaka 1982, iliyosanifiwa na Bill Moggridge, ndiyo iliyoleta umbo la mfuniko unaokunjwa juu ya kibodi, ambalo bado linatumika. Bei yake ya dola 8,150 iliiweka mikononi mwa wakubwa wa makampuni na taasisi kama NASA. Hakuna kati ya mashine hizi iliyomlenga msanifu wala familia.

Msanifu alipata chombo chake mezani. Macintosh ya Januari 1984 ilikuwa na kioo cha inchi 9 chenye pikseli 512 kwa 342, nyeusi na nyeupe tu. Mwaka uliofuata, printa ya LaserWriter, lugha ya PostScript ya Adobe na programu ya PageMaker ya Aldus viliungana nayo na kuanzisha uchapishaji wa mezani. Kazi iliyohitaji mpanga herufi, mkata karatasi na mpiga picha wa matbaa sasa iliweza kuandaliwa na mtu mmoja. Ikumbukwe kwamba chombo hicho hakikuwa na rangi. Usanifu wa kompyuta ulianza kama kazi ya mstari, herufi na nafasi.

Rangi zilikuwa upande wa burudani. Commodore 64 ya mwaka 1982 iliunganishwa na televisheni ya sebuleni na ilitoa rangi 16, hasa kwa ajili ya michezo. Amiga ya mwaka 1985, ya kampuni hiyo hiyo, iliweza kuonesha hadi rangi 4,096. Katika uzinduzi wake jijini New York mwezi Julai mwaka huo, Andy Warhol alitumia Amiga kutengeneza picha ya mwimbaji Debbie Harry mbele ya hadhira. Tukio hilo lilikuwa la kibiashara, lakini linashuhudia jambo la msingi: mashine iliyouzwa kwa nguvu yake ya michezo ndiyo iliyomfaa msanii wa rangi. Baadaye, kuanzia mwaka 1990, kifaa cha Video Toaster kiliigeuza Amiga kuwa studio ndogo ya video. Dalili za mwanzo za hoja ya insha hii ziko hapa.

3.0 Rangi inapoanza kubebeka: 1989–2001

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, vioo bapa vya kompyuta za kubeba vilikuwa hafifu. Macintosh Portable ya mwaka 1989 ilikuwa na kioo kizuri kwa wakati wake, lakini bila rangi, na uzito wake ulizidi kilo 7. Hatua muhimu ilikuja Oktoba 1991 kwa PowerBook 100, 140 na 170. Kibodi ilisogezwa nyuma, nafasi ya kuegemeza viganja ikaachwa mbele, na mpira wa kuongozea kishale ukawekwa katikati. Mpangilio huo ulienea kwa watengenezaji wote, na chimbuko lake lilikuwa kazi. PowerBook ya kwanza yenye rangi, 165c, ilitoka mwaka 1993.

Wakati huo huo, mambo mawili yalikuwa yakitokea mezani. La kwanza ni kutoka kwa Photoshop mwezi Februari 1990, programu iliyobuniwa na ndugu Thomas na John Knoll. Picha ya rangi sasa ikawa malighafi ya msanifu, na swali la uaminifu wa rangi likazaliwa: je, nyekundu inayoonekana kwenye kioo ndiyo itakayotoka matbaani? Mwaka 1993 kampuni kadhaa ziliunda Muungano wa Kimataifa wa Rangi, ICC, ili kuweka lugha ya pamoja kati ya kioo, skana na printa. La pili ni kiwango cha kompyuta za medianuwai kilichotangazwa mwanzoni mwa muongo huo, ambacho kilidai kiendeshi cha diski na uwezo wa sauti. Kwa kiwango hicho, kompyuta ya kawaida ya nyumbani ilialikwa rasmi kuwa chombo cha burudani.

Diski za DVD, zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 1996 na Marekani mwaka 1997, ndizo zilizoikamilisha njia hiyo. Kufikia mwaka 1998, mnunuzi wa kompyuta mpakato ya bei ya juu aliweza kupata kiendeshi cha DVD ndani yake. Mwezi Januari 2001, PowerBook G4 yenye gamba la titani ilikuja na kioo cha inchi 15.2 chenye pikseli 1,152 kwa 768, kilicho kipana kuliko vioo vilivyozoeleka. Upana huo ulieleweka kwa namna mbili. Msanifu aliweza kuweka visanduku vya programu kando ya kazi yake, na mtazamaji aliweza kuona filamu yenye mabaka meusi machache zaidi juu na chini. Kwa mara ya kwanza, kipimo kimoja cha kioo kiliuzwa kwa sababu mbili, na wanunuzi wa aina zote mbili walilipia bidhaa ile ile.

4.0 Prosesa ya michoro: mchezo unaolipia kazi

Hakuna kiungo kinachoonesha uhusiano huu wa gharama kwa uwazi kuliko prosesa ya michoro. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, michoro ya vipimo vitatu ilikuwa milki ya mashine maalumu. Silicon Graphics ndiyo iliyotawala eneo hilo, na kompyuta zake zilitumika katika kutengeneza viumbe wa filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993. Mashine hizo ziliuzwa kwa makampuni machache, na kila ugunduzi mpya ulilazimika kulipwa na wateja hao wachache.

Soko la michezo lilibadili hesabu hiyo. Vijana waliocheza nyumbani walikuwa mamilioni, na kila mmoja alikuwa tayari kununua kadi mpya kila baada ya miaka michache. Mwaka 1999, NVIDIA ilitoa GeForce 256, iliyonadiwa kuwa prosesa ya kwanza ya michoro kwa maana kamili. Kutokana na silikoni hiyo hiyo, kampuni ilitoa pia Quadro, kadi kwa ajili ya wahandisi na wasanifu, kwa bei ya juu zaidi. Tofauti ilikuwa zaidi katika programu za uendeshaji, uthibitisho na huduma kuliko katika umbile la chembe. Gharama za utafiti zilikuwa zimeshabebwa kwa sehemu kubwa na wachezaji. Silicon Graphics, iliyotegemea mlango mmoja tu, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwaka 2006.

Programu za usanifu zilifuata kwa kuchelewa. Photoshop CS4 ya mwaka 2008 ilianza kuitumia prosesa ya michoro katika kukuza na kuzungusha picha. Premiere Pro CS5 ya mwaka 2010 iliitumia katika kuhariri video, na programu huria ya Blender iliipatia nafasi katika uchakataji wa picha za vipimo vitatu mwaka 2011. Katika kompyuta mpakato, tatizo lilikuwa joto na betri. Teknolojia ya Optimus ya mwaka 2010 iliiwezesha mashine kutumia prosesa ndogo kwa kazi nyepesi, kama kuandika au kutazama filamu, na kuiamsha kubwa pale inapohitajika. Mwaka 2019, NVIDIA ilianzisha nembo ya Studio kwa kompyuta mpakato za wabunifu, nyingi kati ya hizo zikiwa na prosesa zenye jina lile lile la GeForce la wachezaji.

Kwa hiyo, ushauri unaosikika madukani kwamba msanifu mwenye fedha kidogo atazame kompyuta za michezo una mantiki ya kihistoria. Nguvu anayoinunua imeshalipiwa na umati. Hata hivyo, ushauri huo una mpaka, na mpaka wenyewe uko kwenye kioo.

5.0 Kioo: umbo la televisheni na rangi za sinema

Mchezaji anataka kioo chenye kasi. Msanifu anataka kioo kisichodanganya. Mahitaji hayo mawili hayafanani, na kwa miaka mingi hayakuweza kutimizwa kwa bei moja. Vioo vya aina ya TN vilikuwa rahisi na vyepesi kubadili picha, lakini rangi zake hugeuka pindi mtazamaji anapoinua au kuinamisha kichwa. Vioo vya aina ya IPS, vilivyoendelezwa na Hitachi katika miaka ya 1990, vilihifadhi rangi kwa pembe pana, ila vilikuwa ghali. Kompyuta nyingi za mpakato za bei ya kati katika muongo wa 2000 zilikuja na TN. Familia iliyotazama filamu ilivumilia. Msanifu aliyechagua rangi ya bango kwa kioo hicho aliweza kukuta matbaani kwamba alichokubaliana na mteja si kilichochapwa, na hasara ikawa yake.

Umbo la kioo nalo lina historia yake. Uwiano wa 4 kwa 3 wa kompyuta za awali ulirithiwa kutoka katika televisheni za wakati huo. Kioo kipana cha kompyuta mpakato kilipoenea kilikuwa kwa uwiano wa 16 kwa 10. Kati ya mwaka 2008 na 2010, viwanda vya vioo vilihamia kwa wingi kwenye uwiano wa 16 kwa 9, ambao ni wa televisheni ya kisasa. Sababu ilikuwa ya uzalishaji: kuukata mkatiko mmoja kwa televisheni na kompyuta kulipunguza gharama. Kioo cha pikseli 1,920 kwa 1,200 kikawa 1,920 kwa 1,080, na kile cha 1,280 kwa 800 nafasi yake ikachukuliwa na 1,366 kwa 768. Filamu ilikaa vizuri zaidi. Ukurasa wa kitabu, kadi au jarida ulipoteza mistari ya wima. Apple ilibaki na 16 kwa 10 katika kompyuta zake nyingi, na baadhi ya watengenezaji wengine walianza kuurudia uwiano huo tu karibu na mwaka 2020. Kwa muongo mzima, wasanifu wengi walifanya kazi ndani ya fremu iliyokatwa kwa ajili ya mtazamaji.

Katika rangi, burudani haikuondoa tu, bali pia ilitoa. Kiwango cha sRGB, kilichopendekezwa na Hewlett-Packard na Microsoft mwaka 1996, kilitokana na uwezo wa vioo vya kawaida vya wakati huo na kikawa msingi wa rangi za intaneti. Adobe RGB ya mwaka 1998 ilikuwa pana zaidi, ikiwalenga wapiga picha na wachapaji. Lakini uwanda mpana ulioenea katika kompyuta mpakato haukuwa huo wa uchapaji. Ulikuwa P3, uliotokana na viwango vya sinema ya dijitali vilivyowekwa na studio za Hollywood katika muongo wa 2000. Apple iliuingiza katika MacBook Pro mwezi Oktoba 2016, na watengenezaji wengine wakafuata. Leo mnunuzi anaposoma kwamba kioo kinafikia asilimia fulani ya P3, anasoma kipimo kilichozaliwa katika ukumbi wa sinema.

Matokeo yake kwa kazi ya uchapaji hayana budi kuelezwa. Kioo chenye rangi za sinema huonesha kijani na nyekundu ambazo wino wa matbaa, unaochanganya samawati, majenta, manjano na mweusi, hauwezi kuzifikia. Msanifu wa video na wa kurasa za intaneti hunufaika. Msanifu wa mabango na fulana anapaswa kujua namna ya kukirudisha kioo katika mipaka ya wino, la sivyo ubora wenyewe wa kioo utampotosha.

6.0 Afrika Mashariki: mashine moja ndani ya nyumba

Historia iliyoelezwa hadi hapa ilitokea Marekani na Asia Mashariki. Afrika Mashariki iliingia ndani yake kwa mlango wa sera. Mwaka 1974, serikali ya Tanzania ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, katika kipindi ambacho televisheni nazo hazikuruhusiwa Tanzania Bara. Zanzibar ilikuwa tofauti, kwani televisheni yake ya rangi ilianza mwaka 1973. Kwa mtazamo wa insha hii, jambo la kuzingatia ni kwamba chombo cha kazi na chombo cha burudani viliwekwa pamoja upande wa vitu visivyo vya lazima kwa taifa linalojenga ujamaa. Vizuizi hivyo vililegezwa hatua kwa hatua, na kituo binafsi cha ITV kilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994, kompyuta na televisheni zilikuwa zikiingia katika soko huria kwa wakati unaokaribiana.

Kwa sababu hiyo, Tanzania Bara haikuwa na kipindi kirefu ambamo familia ilimiliki kompyuta ya michezo sebuleni na ofisi ikamiliki kompyuta ya usanifu. Kwa wengi, kompyuta ya kwanza ya nyumbani ilikuja ikiwa tayari na majukumu yote. Kompyuta mpakato iliyotumika, iliyoletwa kutoka Ulaya au kupitia Dubai, iliandaa kadi za harusi mchana na kucheza diski za filamu usiku. Umeme ulichangia uchaguzi huo. Wakati wa mgao wa umeme wa mwaka 2006 na ule wa 2011, kompyuta ya mezani ilizimika pamoja na kazi isiyohifadhiwa, ilhali mpakato uliendelea kwa betri hadi mteja akapata kazi yake. Saa za betri, ambazo kwa msafiri wa Ulaya zilikuwa suala la starehe, kwa msanifu wa mtaani zilikuwa suala la kutimiza ahadi.

Mikongo ya baharini iliyofika mwaka 2009, TEAMS huko Mombasa na SEACOM iliyofika Mombasa na Dar es Salaam, ilibadili upande wa burudani kwa kuanza kuhamisha filamu kutoka katika diski kwenda katika intaneti, na upande wa kazi kwa kuwezesha faili kubwa kutumwa bila mtu kupanda daladala na diski mfukoni. Mabadiliko hayo yalikwenda sambamba na ukuaji wa usanifu ambao zao lake lenyewe ni burudani ya nyumbani. Mfululizo wa Tinga Tinga Tales, uliotengenezwa Nairobi, ulianza kuoneshwa nchini Uingereza mwaka 2010. Ubongo Kids, katuni ya elimu inayotengenezwa Dar es Salaam, ilianza kurushwa na TBC1 mwezi Januari 2014. Katika kazi za aina hii, mpaka kati ya kioo cha kusanifia na kioo cha kutazamia hukaribia kutoweka, kwa sababu mchoraji hulazimika kuiona kazi yake kama mtoto atakavyoiona sebuleni.

7.0 Chombo kinapofungwa: 2012–2020

Mwezi Juni 2012, Apple ilitoa MacBook Pro yenye kioo cha Retina cha pikseli 2,880 kwa 1,800. Kwa msanifu, herufi ndogo zilionekana kwa ukali unaokaribia wa karatasi. Mashine hiyo iliondoa kiendeshi cha diski, uamuzi uliotabiri kwamba filamu zitatoka katika intaneti. Lakini badiliko lenye uzito zaidi halikuonekana kwa nje. Kumbukumbu ilichomelewa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, na betri ikagandishwa kwa gundi. Mwaka 2013 Adobe ilitangaza kwamba toleo la CS6 ndilo la mwisho kuuzwa kwa malipo ya mara moja, na kwamba programu zake zitapatikana kwa ada ya kila mwezi. Mwezi Novemba 2020, chembe ya M1 ya Apple iliweka prosesa kuu, prosesa ya michoro na kumbukumbu katika kifurushi kimoja, ikatoa nguvu nyingi kwa betri ya siku nzima, na wakati huo huo ikakamilisha kuufunga mlango wa kuongeza kumbukumbu baadaye.

Kwa mnunuzi wa New York, mabadiliko hayo ni biashara ya kawaida: wepesi na kasi kwa kubadilishana na uhuru wa kufungua. Kwa msanifu wa Afrika Mashariki, yanagusa namna yenyewe ya kujenga mtaji. Desturi iliyokuwapo ilikuwa kununua mashine iliyotumika yenye kioo kizuri, kuongeza kumbukumbu baada ya kazi mbili tatu, kubadili diski kuu baada ya msimu wa harusi, na kumpelekea fundi betri ilipochoka. Mashine ilikua pamoja na kazi. Chombo kilichofungwa kinadai uwezo wote ulipwe siku ya kwanza, yaani kabla ya mteja wa kwanza. Ada ya programu ya kila mwezi nayo humfuata msanifu hata katika mwezi usio na kazi. Kuenea kwa nakala zisizo na leseni katika kipindi cha kabla hakuwezi kuhalalishwa, lakini hakuwezi pia kueleweka bila hesabu hii. Programu huria kama GIMP, Inkscape na Blender zimepunguza makali hayo, japokuwa matbaa na wateja wengi bado hudai faili za muundo wa Adobe.

Inawezekana kudai kwamba insha hii inazidisha nafasi ya burudani, kwa kuwa mageuzi kama ya mwaka 1985, mpangilio wa kibodi wa 1991 na lugha ya rangi ya ICC yalitokana na kazi. Dai hilo ni la kweli kwa kipindi cha kabla ya katikati ya miaka ya 1990, na linaithibitisha hoja badala ya kuibomoa. Usanifu ulitoa mawazo na nidhamu ya vipimo. Kilichotoka katika burudani ni wingi wa wanunuzi, na wingi huo ndio ulioshusha bei hadi mtu wa kawaida akaweza kushika chombo hicho.

8.0 Hitimisho

Historia hii inampa mnunuzi mpangilio wa vipaumbele ambao orodha ya dukani haumpi. Kioo ndicho kinachotangulia, kwa sababu hakibadilishwi kwa urahisi na kwa sababu ndipo mahitaji ya kazi na burudani yalipotofautiana zaidi. Inafaa aina ya kioo, uwiano wake na uwanda wake wa rangi vipimwe kwa kazi inayokusudiwa: P3 kwa video na katuni, uaminifu ndani ya sRGB na mipaka ya wino kwa uchapaji. Prosesa ya michoro inafuata, na hapo soko la michezo linaendelea kumhudumia msanifu kwa bei ambayo soko lake mwenyewe lisingeweza kuitoa. Kumbukumbu na betri hupimwa kwa swali moja: je, fundi anaweza kuzifikia? Kwa mtu anayeanza na kidogo, jibu la swali hilo lina thamani kuliko tofauti ndogo za kasi zinazotangazwa.

Insha imeonesha kwamba kazi na burudani zilikutana katika kompyuta mpakato kwa sababu wengi walipenda kutazama na kucheza, na wachache waliobuni wakapata nafasi ndani ya gharama zilizolipwa na wengi. Nafasi hiyo haikutolewa bure, kwani iliambatana na fremu ya televisheni na rangi za sinema. Katika Afrika Mashariki, ambako nyumba nyingi hazikuwahi kuwa na anasa ya mashine mbili, nafasi hiyo imelea fani inayowapatia vijana riziki. Iwapo itaendelea kuwa wazi kutategemea kama chombo kijacho kitaruhusu tena kukuzwa kidogo kidogo, kadiri kazi inavyoingia.